Mkondo Umegoma: Kusoma Dalili za Nukta Kwanta Kabla ya Kulaumu Kifaa

Mwezi uliopita kijana mmoja ninayemsomesha fizikia hapa Tanga alinijia barazani kwangu Ngamiani, kompyuta kwapani, uso umemsawijika. "Shikamoo mwalimu. Faili limefika, lakini kifaa kimekufa." Nikaitikia marahaba, nikamwambia aketi kwanza, tulitazame pamoja.

Lilikuwa faili la vipimo vya nukta kwanta moja, yaani kifaa kidogo mno kinachofungia elektroni chache, kutoka maabara ya ng'ambo inayotugawia data zake. Safu mbili tu: volteji ya geti na mkondo. Mkondo ulikuwa sifuri, sifuri, sifuri, mistari zaidi ya mia. Kisha ukapanda, ukashuka, ukarudi sifuri. Mbele kidogo ukapanda tena. Na tena, kwa nafasi zinazokaribiana.

Kifaa hakikuwa kimekufa hata kidogo. Sifuri zile zilikuwa kazi ya elektroni wenyewe, zikizuiana mlangoni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaandikia vijana wangu maelezo ya dalili moja moja, na haya ndiyo hayo, nimeyapanga upya ili yamfae yeyote anayesoma vipimo vya namna hii akiwa mbali na mtambo. Sisi hatuna chombo cha kupoza hadi karibu na sifuri kamili. Tuna mafaili, programu tulizoandika kwa Python, na saa za jioni. Hivyo vinatosha kujua kama kifaa kinaumwa au elektroni zinasema jambo.

Nishati tatu kabla ya dalili yoyote

Nukta kwanta ni chumba kidogo cha elektroni ndani ya semikondakta. Katika vifaa vya galiamu asenaidi, yaani GaAs, vinavyochongwa kwa mageti ya chuma juu ya uso, upana wake ni makumi hadi mamia ya nanomita. Kila upande una ukuta mwembamba wa nishati ambao elektroni haiuruki bali huupenya, kwa kanuni za kwanta. Nyuma ya ukuta mmoja kuna elektrodi ya kuingilia, nyuma ya wa pili kuna ya kutokea. Volteji kati ya hizo mbili nitaiita volteji ya msukumo. Pembeni kuna geti: haligusi nukta, ila linapandisha na kushusha nishati ya kila kilichomo ndani.

Nishati ya kwanza ni ya chaji. Elektroni zote ni hasi, kwa hiyo zinasukumana. Ukitaka kuongeza moja ndani ya chumba chenye wenzake, lazima ulipie msukumano huo, na bei yake ni e²/C, ambapo e ni chaji ya elektroni na C ni kapasitansi ya nukta, yaani uwezo wake wa kubeba chaji. Nukta yenye kapasitansi ya atofaradi 160 inadai milielektronivolti 1 (meV) kwa kila elektroni mpya. Nishati ya pili ni joto, kT, yaani halijoto T kuzidisha namba thabiti ya Boltzmann k: karibu 26 meV katika halijoto ya chumbani, 0.36 meV ndani ya heliamu kimiminika yenye kelvini 4.2 (K), na 0.0086 meV kwa milikelvini 100 (mK). Ya tatu ni gama, ukungu unaoingia kwenye ngazi za nishati kwa sababu kuta zinapenyeka. Kadiri kuta zinavyokuwa nyembamba, ndivyo gama inavyokua.

Dalili karibu zote nitakazozitaja ni ugomvi kati ya hizo tatu. Chaji ikiishinda joto na kuishinda gama, idadi ya elektroni ndani ya nukta inakuwa namba kamili, na mkondo unazibwa mpaka geti lilete hali ambayo kuwa na elektroni N ndani na kuwa na N+1 kuna bei moja. Hapo ndipo kilele kinapotokea. Hiki ndicho kizuizi cha Coulomb. Dmitri Averin na Konstantin Likharev walikieleza kwa hesabu katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1987 Theodore Fulton na Gerald Dolan wa Bell Laboratories wakakionyesha katika kisiwa kidogo cha alumini.

Wanafunzi wangu nawapeleka Pangani kwa fikra. Chukua mtumbwi wa kuvukia mto wenye nafasi ya abiria mmoja tu. Gati limejaa watu, ng'ambo hakuna foleni, maji yametulia, na bado anavuka mmoja mmoja. Kinachomzuia wa pili ni yule aliyekwisha kukaa. Hadi ashuke ng'ambo, hakuna anayepanda. Ukitazama gati bila kuuona mtumbwi utadhani kivuko kimeharibika.

Dalili: mkondo ni sifuri karibu kote

Usiandike barua ya lawama bado. Omba au tafuta kipimo cha pili: mkondo dhidi ya volteji ya msukumo, geti likiwa katikati ya sifuri hizo. Kizuizi cha Coulomb kina kiwango. Chini yake kimya, juu yake mkondo unaanza, kwa sababu msukumo sasa unatosha kulipia bei ya chaji. Waya uliokatika hauna kiwango. Upandishe msukumo utakavyo, hautakupa kitu isipokuwa kelele za amplifaya.

Kuna mdanganyifu wa tatu, naye amewapoteza wengi: viunganishi vya chuma na semikondakta vinavyofanya kazi vizuri chumbani kisha vinaganda kwenye baridi. Navyo vinatoa pengo la mkondo lenye kiwango, sawasawa na kizuizi. Njia ya kuwatofautisha ni geti. Pengo la kizuizi cha Coulomb hufunguka na kufungika kadiri geti linavyosogea. Chora msukumo kwenye mhimili mmoja na geti kwenye mwingine, utapata maumbo ya almasi yakigusana ncha kwa ncha. Pengo la kiunganishi kilichoganda halijui kama geti lipo. Litakuwa mkanda ulionyooka kutoka upande mmoja wa grafu hadi wa pili.

Zikiwa almasi lakini ncha zao hazigusani, mkondo haurudi hata pale unapotarajia kilele, basi mara nyingi kuna nukta mbili zilizofuatana badala ya moja. Uchafu au kasoro ndani ya tabaka la semikondakta imekata chumba kuwa vyumba viwili, na bei za vyumba viwili ni nadra kulingana kwa wakati mmoja.

Faili la pili la kijana wangu, lenye volteji ya msukumo pia, lilikuwa na almasi zinazofungika vizuri. Urefu wa almasi kwenye mhimili wa msukumo, kutoka katikati hadi ncha ya juu, ukiuzidisha kwa e, ndiyo nishati ya kuongeza elektroni moja. Aliipata karibu 1.2 meV kwa rula na penseli, nami nikafurahi kuliko ambavyo angeipata kwa programu.

Dalili: mkondo unapita kote, hakuna mabonde

Mabonde ni yale maeneo ya kimya kati ya vilele. Hapa chaji imeshindwa, na swali ni nani aliyeishinda.

Anza na joto. Vilele vinaanza kutambulika pale kT inapokuwa ndogo mara kadhaa kuliko e²/C. Nukta ya 1 meV ndani ya heliamu ya 4.2 K itaonyesha mawimbi yaliyofifia, si vilele vilivyosimama. Hilo si kosa la mtu. Ipoze zaidi, au tengeneza nukta ndogo zaidi.

Halafu tazama kuta. Ukinzani wa kila ukuta lazima uwe mkubwa waziwazi kuliko h/e², h ikiwa namba thabiti ya Planck, yaani kilo-omu 25.8. Ukishuka chini ya hapo, elektroni haiwi tena ya ndani wala ya nje. Inakaa pande zote mbili kwa wakati mmoja, na idadi ya waliomo ndani inaacha kuwa namba kamili. Bila namba kamili hakuna kizuizi. Tabibu wake ni geti la ukuta husika: lisukume kwenye hasi kidogo kidogo hadi mabonde yatokee.

Mshukiwa wa tatu hukaa kwenye vichwa vya safu za faili, mahali ambapo vijana hawasomi. Vipimo vingi hufanywa kwa amplifaya ya lokini, inayotia mtetemo mdogo wa volteji na kusikiliza jibu lenye mdundo uleule. Mtetemo huo ukizidi kT/e, wewe mwenyewe umepasha elektroni moto. Kwa 100 mK, kT/e ni maikrovolti 8.6 tu. Tumepata faili lililoandikwa 100 mK na mtetemo wa maikrovolti 100. Halijoto ya friji ilikuwa kweli. Ya elektroni ilikuwa hadithi nyingine.

Kuhusu hiyo hadithi nyingine nina jambo la moyoni. Friji ikisoma 20 mK haina maana elektroni ziko 20 mK. Waya zinazoshuka kutoka juu hubeba kelele za redio na umeme hadi kwenye nukta, na kwa baridi hiyo elektroni karibu zimetengana na fuwele inayozibeba, hivyo joto lao halina pa kwenda. Kipimajoto cha kweli ni kilele chenyewe. Katika nukta yenye ngazi za nishati zilizoachana na kuta nzito, upana wa kilele kwenye nusu ya kimo, ukishaubadilisha kutoka volteji ya geti kuwa nishati, ni takriban 3.5 kT. Pima upana kwa halijoto kadhaa. Ukipungua kwa mstari mnyoofu kisha ukagoma kwenye thamani fulani huku friji ikiendelea kushuka, hapo ndipo elektroni zako zimekwama.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilikaa wiki sita na vilele vilivyogoma kwenye 180 mK. Nilibadilisha vichujio, nikabana viunganishi, nikaanza kuandika nadharia ya kueleza upana huo. Kisha usiku mmoja nikachomoa kebo iliyounganisha kompyuta na chombo cha vipimo, na vilele vikasinyaa mbele ya macho yangu. Nyaya mbili za ardhi, moja ya kompyuta na moja ya friji, zilikuwa zimefanya kitanzi kinachonasa mvumo wa umeme wa 50 Hz. Nadharia yangu ikaenda kwenye kapu. Tangu hapo, kabla ya kuamini upana wowote, nauliza kwanza ardhi ziko ngapi.

Dalili: vilele haviko kwa nafasi sawa

Mara nyingi huu si ugonjwa. Msukumano ungekuwa ndiyo bei pekee, vilele vingepangika kama nguzo za umeme za barabara ya Muheza. Lakini nukta ndogo ina ngazi zake za nishati, kama atomu, na kila ngazi inabeba elektroni mbili zenye spini kinyume, spini ikiwa ile sumaku ndogo ya kila elektroni inayoelekea juu au chini. Elektroni ya pili kwenye ngazi ileile inalipa msukumano tu. Ya tatu inalipa msukumano pamoja na gharama ya kupanda ngazi mpya. Kwa hiyo nafasi zinapishana: fupi, ndefu, fupi, ndefu.

Mfano mzuri kuliko yote ni wa Seigo Tarucha na wenzake mwaka 1996. Nukta yao ilikuwa ya duara, umbo la sahani, na waliijaza elektroni kuanzia sifuri. Nafasi kubwa za pekee zikatokea baada ya elektroni 2, 6 na 12, kama atomu za gesi adimu zinavyokamilisha magamba yake. Na kulikuwa na nafasi kubwa kiasi kwa elektroni ya 4 pia, gamba likiwa nusu. Hiyo inatokana na msukumano wenyewe: elektroni mbili zenye spini sambamba hujiweka mbalimbali, msukumano wao unapungua, na nishati inashuka. Ni kanuni ya Hund, ile ya kemia ya kidato cha tano, ikionekana kwenye grafu ya mkondo.

Kwa hiyo ukiona nafasi zisizo sawa, ziandike kwenye jedwali kabla ya kuzilalamikia. Mpangilio wa fupi na ndefu ni spini. Nafasi zinazopungua polepole maana yake nukta inapanuka kadiri geti linavyovuta, na kapasitansi inakua. Nafasi zisizo na mpangilio wowote zinatokea katika nukta zenye umbo la ovyo, nazo zina takwimu zake.

Dalili: programu inatoa kilele kimoja mahali vipimo vina viwili

Hii ni ya wanaoiga nukta kwenye kompyuta, na karibu kila mwaka inanirudia. Mwanafunzi anaandika programu ambamo kila elektroni inapita peke yake, haina habari na nyingine. Ngazi moja, spini mbili, na spini zote mbili zinapita kwenye volteji moja ya geti. Kilele kimoja. Maabara imempa viwili.

Kinachokosekana ni U, nishati ya msukumano wa elektroni mbili kwenye ngazi ileile. Ukiiweka, kilele kinagawanyika viwili vyenye umbali wa U. Hakuna namna ya kuipata U kwa kurekebisha kuta au joto. Lazima hali nne ziandikwe kila moja kivyake: tupu, spini juu, spini chini, na zote mbili.

Ukishaziandika, kuna mtihani mmoja ninaoupenda sana. Weka msukumo wa kutosha kupitisha elektroni moja lakini si wa kulipia U. Nukta tupu inaweza kupokea spini yoyote kati ya mbili, kwa hiyo kasi ya kuingia inazidishwa kwa mbili. Aliyemo ndani ni mmoja, kwa hiyo kasi ya kutoka haizidishwi. Mkondo unakuwa e × 2ΓₐΓᵦ / (2Γₐ + Γᵦ), ambapo Γₐ ni kasi ya ukuta wa kuingilia na Γᵦ ya ukuta wa kutokea. Sasa geuza upande wa msukumo. Kama ukuta mmoja ni mzito kuliko mwingine kwa mbali, mkondo wa upande ambao elektroni zinaingilia ukuta mzito utakaribia mara mbili ya mkondo wa upande wa pili. Programu isiyo na msukumano itatoa namba moja pande zote. Programu yako ikitoa namba moja, umesahau kumkataza wa pili asiingie.

Na ukipata uwezekano hasi kwenye jibu, kagua alama kwenye ulalo wa matriki ya kasi za kuhama kutoka hali hadi hali kabla ya kitu kingine. Jumla ya kila safu wima lazima iwe sifuri.

Dalili: vilele vinahama kati ya kipimo na kipimo

Karibu na nukta, kwenye dopanti (atomu za kigeni zilizopandikizwa ndani ya semikondakta) au kwenye uso, kuna mitego inayonasa elektroni moja na kuiachia. Kila ikinasa, nukta inaona kama geti limesogezwa. Ukiona grafu inaendelea vizuri kisha inaruka na kuendelea na umbo lilelile mahali pengine, huyo ni mtego. Mkondo ukirukaruka kati ya thamani mbili geti likiwa limetulia, mtego uko karibu sana na una haraka.

Dawa kwa GaAs ni kupoza kifaa huku mageti yamewekewa volteji chanya ya kiasi, ili baadaye volteji hasi ndogo itoshe kuziba kuta, na elektroni zipungue kuvuja kutoka kwenye geti kwenda kwenye mitego. Kwa sisi tunaopokea mafaili, dawa ni moja: usiunganishe vipande vya siku tofauti kwenye grafu moja, na daima omba geti lipitishwe kwenda na kurudi. Grafu ya kwenda isipofanana na ya kurudi, usihesabu elektroni bado.

Dalili: kuna mkondo ndani ya bonde

Hapa nataka twende taratibu. Bonde lilipaswa kuwa kimya, na lina mkondo. Kuna sababu tatu za kawaida, na ziko mbali kama mbingu na ardhi: moja ni uvujaji wa kijinga, moja ni ukopaji wa nishati, na moja ni mojawapo ya mambo mazuri kuliko yote ambayo elektroni hufanya kwa pamoja.

Uvujaji kwanza. Kuna njia nyingine sambamba na nukta, chini ya geti ambalo halijaziba vizuri. Mkondo wake haujali geti la nukta, haujali sana joto, haujali uga wa sumaku. Ni kama maji ya bomba lililopasuka, yanatiririka vilevile usiku na mchana.

Ukopaji wa nishati ni hivi. Elektroni haina 1 meV ya kuingilia, lakini kwanta inairuhusu ikae ndani bila kulipa kwa muda mfupi sana, mradi mwingine atoke kabla muda haujaisha. Kwa deni la 1 meV muda huo ni chini ya pikosekunde moja. Elektroni mbili zinashirikiana katika tendo moja: huyu anaingia, yule anatoka, na hesabu inafungwa bila mtu kuonekana amekaa ndani kinyume cha sheria. Mkondo huu unafuata kuzidishana kwa upitishaji wa kuta mbili, kwa hiyo ukizipa kuta uzito kidogo unapungua haraka kuliko vilele. Na una ngazi: msukumo ukifikia nishati ya kuiacha nukta katika hali ya msisimko, upitishaji unapanda hatua moja. Hatua hizo zikikaa mahali palepale huku geti likisogea ndani ya bonde, ni ukopaji.

Sababu ya tatu ni Kondo, na historia yake ni ndefu. Mwaka 1934 de Haas, de Boer na van den Berg, kule Leiden, Uholanzi, walipima ukinzani wa dhahabu kwenye baridi na kuona kwamba badala ya kuendelea kushuka, ulifika chini kisha ukaanza kupanda. Miaka 30 ikapita. Mwaka 1964 Jun Kondo wa Japani alieleza: atomu chache zenye sumaku ndani ya chuma zinabadilishana spini na elektroni zinazopita, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo mabadilishano hayo yanavyozitawanya elektroni zaidi. Ndani ya dhahabu jambo hilo linaongeza ukinzani.

Katika nukta linafanya kinyume. Nukta yenye idadi ya elektroni isiyogawanyika kwa mbili ina spini moja iliyobaki bila mwenza, nayo inafanya kazi ya ile atomu ya sumaku. Elektroni za elektrodi zote mbili zinaizunguka na kufungamana nayo, zikitengeneza hali moja inayounganisha kushoto na kulia. Kutawanywa hapa ndiko kuvuka. Kwa hiyo upitishaji unapanda. Glazman na Raikh, na pia Ng na Lee, walilitabiri mwaka 1988. Mwaka 1998 kundi la David Goldhaber-Gordon na kundi la Sara Cronenwett yakaliona. Mwaka 2000 Wilfred van der Wiel na wenzake walifikisha bonde hadi 2e²/h, kikomo cha juu cha njia moja ya elektroni. Fikiria hilo: mahali ambapo msukumano ulikuwa umefunga mlango kabisa, msukumano uleule, ukipewa baridi ya kutosha, unaufungua wote. Nimelifundisha kwa miaka mingi na bado linanisimamisha.

Lakini kwa sababu ni jambo zuri, kila mtu anataka kuwa nalo, na si kila nundu kwenye bonde ni Kondo. Maswali ninayowauliza vijana ni haya, na yote lazima yajibiwe. Je, nundu iko kwenye msukumo wa sifuri hasa? Je, iko kwenye bonde la idadi witiri, na mabonde jirani ya idadi shufwa hayana? Je, inapanda kadiri baridi inavyozidi, kwa logi ya halijoto, hali mabonde ya kawaida yanashuka? Na je, uga wa sumaku unaipasua mara mbili?

Swali la mwisho ndilo hakimu. Uga unazitenganisha spini mbili, na nundu moja inakuwa mbili, zenye umbali wa 2gμB kuzidisha uga, ambapo μB ni magnetoni ya Bohr, kizio cha sumaku ya elektroni, na g ni kipimo cha jinsi spini inavyoitikia uga. Katika GaAs g ni takriban 0.44 kwa ukubwa, kwa hiyo uga wa tesla 1 unatoa umbali wa kama maikrovolti 51 kwenye mhimili wa msukumo. Linganisha na kT kabla hujasubiri muujiza: maikrovolti 51 ni sawa na kT ya karibu 0.6 K, hivyo kwenye 4.2 K hutauona mpasuko hata uwepo. Na uga uwekwe sambamba na tabaka jembamba ambamo elektroni zinakaa, usije ukabadilisha mizunguko ya elektroni na kuchanganya mambo mawili.

Dalili: mkondo unapita upande mmoja tu, nukta ni mbili

Angalia spini. Kwenye nukta mbili zilizofuatana, elektroni ikitaka kuhama kwenda kwenye nukta ambayo tayari ina elektroni yenye spini sambamba, kanuni ya Pauli inaikataza ngazi ileile, na inakwama. Upande wa pili wa msukumo hakuna anayekwama. Keiji Ono na wenzake walilionyesha hili mwaka 2002. Katika GaAs, viini vya atomu vina sumaku ndogo zinazogeuza spini na kuruhusu mkondo kidogo uvuje karibu na uga wa sifuri; uga mdogo ukiwekwa, uvujaji huo unapungua. Kama uga haubadilishi kitu, fikiria kiunganishi kibovu.

Dalili: filamu ya nukta za kemikali haipitishi umeme

Hizi ni nukta za aina nyingine, zinazopikwa kwenye chupa. Ndizo zilizowapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023. Nimeulizwa juu yake kwa sababu hazihitaji friji ya milikelvini, na swali ni la haki: mbona wino umekauka vizuri juu ya kioo, rangi inang'aa, na mkondo hakuna?

Sababu ya kwanza ni nywele. Kila nukta imezungukwa na molekuli ndefu, mara nyingi asidi ya oleiki, ili zisigandamane ndani ya chupa. Kupenya ukuta wa nukta hadi nukta kunapungua kwa kasi ya kutisha kila nanomita inapoongezeka, kwa hiyo molekuli hizo lazima zibadilishwe na fupi baada ya filamu kukauka.

Sababu ya pili ni ileile tuliyoanza nayo. Mpira wa nusu kipenyo cha nanomita 3 ndani ya mazingira yenye kipimo cha dielektriki 4 una kapasitansi ya atofaradi 1.3 tu. Kuiweka elektroni moja juu yake, ukiwa hauna chaji bado, kunagharimu e²/2C, karibu 60 meV, zaidi ya mara mbili ya kT ya chumbani. Yaani kwenye meza ya kawaida, jua la Raskazone linawaka nje, chaji bado inaishinda joto. Ukipoza filamu na upitishaji ukafuata exp[−(T₀/T)^½], T₀ ikiwa namba ya filamu yenyewe, hiyo ni sheria ya Efros na Shklovskii ya mwaka 1975, na kipeo cha nusu kinatoka kwa msukumano wa elektroni zilizo mbalimbali. Kipeo kikiwa robo, msukumano haujashika usukani.

Faili la tatu

Turudi kwa kijana wangu. Bonde lake la tatu lilikuwa na nundu kwenye msukumo wa sifuri, na la nne lilikuwa na mkondo mdogo uliotambaa sawasawa. Yeye alitaka kuita yote mawili Kondo. Tukaandika barua pepe ya mistari minne: tafadhali rudieni mabonde hayo mawili kwa 50 mK na 800 mK, kisha kwa uga wa tesla 2 sambamba na tabaka, mtetemo usizidi maikrovolti 4.

Faili la tatu limefika Jumanne. Nundu ya bonde la tatu ilifutika karibu yote kwa 800 mK, na kwa tesla 2 ilipasuka: vilele viwili, umbali wa maikrovolti mia hivi, pale hesabu yetu ya 2gμB ilipokuwa imevisubiri kwa 102. Bonde la nne halikutikisika kwa lolote. Mkondo wake ulikuwa uleule kwa 50 mK, kwa 800 mK, na ndani ya uga. Tumewaandikia waangalie geti la pembeni upande wa kutokea, walisukume kwenye hasi kwa milivolti 20 na kupima tena.